Gari la Maalim Nyuma ya Nyumba ya Zamda

Ijumaa ya tarehe tisa Mei, saa kumi na robo jioni, Maalim Shekue alirudi nyumbani kutoka kuswali alasiri. Alichukua ufunguo wa gari ukutani, akavaa kandambili zake, kisha akakaa tena ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyekumbuka jambo. Alikaa hivyo, kimya. Hakuinuka tena.

Mkewe, Bi Mwantumu, alikuwa barazani akipeta mchele. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa amemwambia, bila kumtazama, "Nenda, unasubiriwa." Hakulisema kwa wema. Likawa ndilo neno la mwisho kati yao, baada ya miaka thelathini na minne ya ndoa.

Nani alikuwa akimsubiri? Tueleze taratibu.

Maalim alikuwa mwalimu wa madrasa katika kijiji kimoja cha Muheza, pale ambapo barabara inaanza kupanda kwenda kwenye mashamba ya chai. Alikuwa na gari dogo la zamani, rangi yake ya maziwa. Halikuwa gari la biashara. Mwanamke akishikwa na uchungu, watu walimkimbilia Maalim, naye aliwasha gari na kumpeleka zahanati bila kuuliza ni mke wa nani. Kijiji kizima kililiita Gari la Wazazi.

Miaka miwili nyuma Maalim aliugua moyo. Daktari alimkataza kubeba vitu vizito. Bi Mwantumu naye akaongeza sharti lake.

"Gari hili limezeeka kama wewe," alimwambia. "Siku likiharibika, sitaki ulifufue. Siku hiyo na wewe utapumzika."

"Nimesikia, mama," alijibu Maalim, akicheka.

Gari halikuharibika. Kila lilipohitajika, liliwaka. Lakini mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, Maalim alianza tabia mpya. Kila siku baada ya alasiri alitoka na gari, akarudi magharibi inapokaribia. Hakusema anakwenda wapi. Kijiji ndicho kilichosema. Gari la Maalim linaonekana kwa Zamda, kijiji kilisema, tena halisimami mbele ya nyumba. Linasimama nyuma.

Zamda alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi. Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara kuu, mahali ambapo umeme umefika, na watu walimjua kwa soda zake baridi na barafu.

Bi Mwantumu hakumuuliza mumewe. Alijiambia kwamba mwanamke mwenye heshima zake haulizi jambo ambalo hata watoto wa chekechea wanalijua. Alinyamaza mwaka mzima. Alipika, alifua kanzu, aliitikia salamu, na kinyongo kikakaa ndani yake kama jiwe ndani ya gunia la mchele.

Ndipo siku ile ya msiba, kabla jeneza halijatolewa, wifi yake aliingia chumbani alimokaa, akainama na kumuuliza swali ambalo kila mjane huulizwa.

"Wifi, umemsamehe mume wako?"

Bi Mwantumu aligeuza uso ukutani.

"Wifi, wanaume wanasubiri nje. Sema tu neno moja."

"Sitasema kwa ulimi neno ambalo moyo umelikataa," alijibu. "Mwenyezi Mungu anasikia vyote viwili."

Jeneza likatoka bila neno hilo. Wanawake walitazamana, wakajifunika khanga zao.

Basi Bi Mwantumu akaingia eda. Alivaa nguo nyeupe, akakaa ndani ya ua wake wa michongoma, miezi minne na siku kumi, kama dini inavyotaka. Gari nalo lilikaa uani pamoja naye. Mdogo wa marehemu, aliyeitwa Mhando, alijaribu kuliwasha siku ya pili baada ya mazishi, likakataa. Alijaribu tena baada ya wiki, likakataa kabisa, hata taa haikutoa. Likabaki pale, likipukutikiwa na maua ya mlangilangi, na kuku wakapata mahali pa kutagia chini yake.

Kila Ijumaa Mhando alikuja hadi nje ya michongoma, akasimama upande wa pili.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji."

"Na lile neno?"

"Bado, shemeji."

Mhando alikohoa kidogo, akaenda zake. Hakumlaumu. Lakini Bi Mwantumu alijua kuwa ndugu wa mumewe wanahofia kaka yao amelala huko aliko na deni la moyo wa mkewe. Yeye mwenyewe alihofia zaidi yao. Kila baada ya swala alifungua mikono amwombee mumewe, na kila mara dua ilifika kwenye jina la Maalim ikasimama. Hakujua ni kosa gani hasa anatakiwa kulisamehe, kwa sababu hakuwahi kuliuliza. Na sasa wa kumuuliza hayupo.

Siku za eda hazifanani na siku nyingine. Mchana unakuwa mrefu na mweupe. Ukungu unashuka kutoka kwenye chai, unakaa juu ya ua, unaondoka, na mtu hajui kama ni asubuhi ileile au ni nyingine. Bi Mwantumu alijilaza mkekani baada ya adhuhuri, na ndoto ilikuwa ileile. Gari linakuja bila sauti, kama wingu linavyopita juu ya shamba. Maalim yuko kwenye usukani na kanzu yake ya Ijumaa. Taa za gari zinafifia, zinafifia. Anamgeukia, anafungua mdomo, lakini kioo kimepandishwa na hasikiki. Kisha gari linapita. Bi Mwantumu alipoamka, alikuta jua la alasiri limelala sakafuni, na kwa muda kidogo alisikiliza, kama vile anasubiri kandambili zipite barazani.

Siku ya themanini, ndoto hiyo ilikuwa haijaisha vizuri aliposikia hodi.

"Hodi wenyewe! Kwa Maalim Shekue ni hapa?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Nyuma yake akasikika Mhando, akiwa nje ya michongoma.

"Shemeji, ni fundi wa magari kutoka mjini. Ni mwanamke, anaweza kuingia. Mimi nitakaa hapa nje."

Akaingia msichana mwenye ovaroli la bluu na kilemba, mkononi mwake kitu kizito kama chungu kidogo, kimefungwa kwa gunia. Alisema anaitwa Riziki.

"Shikamoo, bibi. Nimeleta alteneta ya Maalim. Aliniagiza nimtafutie tangu mwaka jana. Gari lenyewe la zamani mno, kifaa chake nimekitafuta mpaka nikakata tamaa. Juzi nimekipata kwenye gari lililokatwa. Mwenyewe yuko?"

"Mwenyewe tumemzika, mwanangu. Leo siku ya themanini."

Riziki aliketi palepale alipokuwa, gunia mapajani. Kisha akafuta uso kwa mkono wa ovaroli.

"Mungu amrehemu. Alikuwa akinipigia simu kila wiki, 'Mwanangu, hujapata tu?' Basi nirudi nacho?"

Bi Mwantumu aliyatazama yale maua juu ya gari. Hakujua alteneta ni nini. Alijua tu kwamba mwezi ule mwanamke mmoja wa kijiji alibebwa kwa machela mpaka zahanati, na mtoto alizaliwa njiani.

"Kifunge, mwanangu," alisema. "Mhando ataendesha. Wazazi hawakumkosea mtu."

Riziki akafungua boneti, akatandika gunia juu ya ardhi, akapanga spana zake moja moja kama mtu anayepanga vyombo vya sikukuu.

"Kwanza tunachomoa waya za betri. Fundi anayeanza na spana kabla ya betri, huyo anatafuta shoti, aone nyota mchana. Bibi, nipe hiyo namba kumi na mbili."

Bi Mwantumu alimpa.

"Hii ni kumi na nne, bibi."

"Mimi nimesoma darasa la saba, si darasa la spana."

Riziki akacheka, akachukua mwenyewe. "Basi nishikie huu mkanda usianguke. Huu ndio unaoizungusha alteneta injini ikiwaka."

"Nani alikufundisha kazi hii?"

"Baba. Alimwomba Mungu mtoto wa kiume, akapewa mabinti watano. Akasema basi, spana haziulizi."

Bi Mwantumu alitabasamu, kisha akashtuka kujikuta ametabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tarehe tisa Mei.

Fundi alilegeza nati, akachomoa waya, akatoa bolti mbili ndefu, na kile kifaa cha zamani kikatoka. Alikizungusha kwa mkono. Kilikwaruza kama kina mchanga ndani. Akakinusa.

"Hii imeungua, bibi. Tena imekufa zamani. Mwaka na zaidi."

"Si kweli. Gari lilikuwa linawaka kila siku mpaka anakufa."

"Haiwezekani."

"Nakwambia lilikuwa linawaka! Mimi ndiye niliyekuwa nikisikia."

Riziki alijikuna kichwa. Kisha akaeleza polepole, kama anavyoeleza mtu anayempenda mteja wake.

"Sikiliza, bibi. Betri haitengenezi umeme. Inaweka tu. Ukiwasha gari, inatoa. Ukiwasha taa, inatoa. Kazi ya alteneta ni kuirudishia kile ilichotoa, gari likiwa linatembea. Alteneta ikifa, betri inatoa tu, hairudishiwi, na siku ya pili au ya tatu inakwisha. Gari halifiki hata wiki."

Aliingia ndani ya gari, akatazama dashibodi. Akaita.

"Bibi, hii plasta ya kidonda ni ya nini hapa?"

"Maalim aliibandika. Nilimuuliza, akasema kuna kitaa kinamuumiza macho."

Riziki akaibandua. Chini yake kulikuwa na alama ndogo ya betri.

"Taa nyekundu ya chaji," alisema. "Hii huwaka alteneta ikifa. Maalim alijua, bibi. Alijua na akaifunika."

Akarudi kwenye betri, akainama karibu kabisa, akapitisha kidole juu ya vichwa vyake viwili vya risasi.

"Njoo uone. Vimeng'atwa vyote. Hizi ni alama za meno ya vibanio vya chaja. Betri hii imechajiwa kwa umeme wa nyumbani, tena mara mia kadhaa. Bibi, hapa kijijini nani ana umeme wa kuchaji betri?"

Bi Mwantumu alikuwa bado ameushika ule mkanda. Ukungu ulikuwa unashuka juu ya michongoma. Alifungua mdomo kujibu swali dogo la fundi, na jibu likamfikia yeye kwanza.

"Zamda," alisema.

Riziki hakujua lolote. "Vizuri! Basi tumpelekee hii, maana haina nguvu hata ya kumwamsha mende. Alteneta mpya haiamshi gari lililolala. Inalilisha likishaamka."

Riziki aliitoa betri hadi nje, Mhando akaichukua kwa toroli. Bi Mwantumu alibaki amekaa kizingitini. Fundi alifunga ile alteneta, akampa kazi ya kubonyeza mkanda kwa dole gumba aone kama umekaza sawa, naye akabonyeza, lakini hakuwa pale. Alikuwa akihesabu alasiri za mwaka mzima.

Baada ya muda wa saa mbili hivi toroli ilirudi. Aliyekuwa akiisukuma ni Zamda mwenyewe, Mhando akimfuata nyuma. Alisimama kwenye mlango wa ua, hakuthubutu kuvuka.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."

Mwaka mzima salamu hiyo ilikuwa haijaitikiwa.

"Marahaba. Ingia. Kaa."

"Nikisimama inatosha."

"Zamda, gari la mume wangu lilikuwa likija kwako kufanya nini?"

"Kunywa umeme, bibi." Zamda aliinamisha uso. "Maalim alikatazwa kubeba betri. Hakutaka kumpa mtu aibebe, atakwenda kusema. Kwa hiyo alileta gari lenyewe. Aliliweka nyuma, usawa wa dirisha la jikoni, tukapitisha nyaya. Yeye alikaa nje juu ya gunia, akasoma Kurani yake. Nilimpa kahawa, akalalamika kila siku kwamba haina tangawizi kama ya kwako."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuogopa."

"Maalim? Aniogope mimi?"

"Alisema, 'Mke wangu akijua gari limeharibika, ataniambia tulipumzishe. Na akiniambia nitamtii, maana hajawahi kunitakia baya. Sasa wazazi watapelekwa na nani?'"

Bi Mwantumu alishika mdomo.

"Na wewe? Watu wanakusema barabarani, ukanyamaza?"

"Alinifunga kwa ahadi. Alipofariki nilikuja, siku ya tatu ya msiba, nikueleze. Ulinipa mgongo, bibi. Nikaona labda unajua, ila hutaki kuniona."

Riziki alikuwa amesimama na spana mkononi, sasa anaelewa.

"Kuna neno jingine," alisema Zamda. "Wiki ile ya mwisho alikuja amenyong'onyea. Akaniambia, 'Zamda, nimekosea. Nilidhani namficha habari ya gari, kumbe najificha mimi mwenyewe. Ananipikia, lakini hanitazami. Yule fundi akileta kile kifaa, siku hiyohiyo nitamweleza yote, nimwombe anisamehe.'"

Bi Mwantumu aliigeukia ile alteneta mpya, imekaa mahali pake ndani ya injini. Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa njiani. Kisha akalia. Hakulia hivyo siku ya mazishi. Zamda akavuka mlango wa ua, akaketi karibu naye, akamshika bega.

Riziki, kwa kuwa hakujua afanye nini na kilio cha wakubwa, alifunga betri. Akaingia kwenye gari, akasema bismillahi, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa mara moja, likakohoa mara ya pili, likawaka. Maua yakaanguka kutoka juu yake. Kuku wakakimbia. Kwenye dashibodi ile taa nyekundu ilimulika kidogo, ikazimika.

Watu waliokuwa wakirudi kutoka kuswali alasiri walisikia mngurumo wanaoujua, wakasimama nje ya michongoma.

"Shemeji Mhando, uko hapo?" aliita Bi Mwantumu.

"Nipo, shemeji."

"Uko na nani?"

"Tuko wengi."

"Vizuri. Waliosikia yale maneno ya barabarani, wasikie na haya." Alisimama, akajifunika vizuri, akapaza sauti. "Mume wangu nimemsamehe. Alinificha jambo, na kunificha lilikuwa kosa, nimemsamehe mbele ya Mungu na mbele yenu. Lile jingine nililomdhania, hakulifanya. Alikuwa akienda kuchaji betri, ili wake zenu na binti zenu wafike zahanati. Kwa dhana hiyo mimi ndiye mkosa, nami namwomba Mungu anipatie msamaha wa mume wangu. Na Zamda huyu nimemkosea mwaka mzima. Zamda, nisamehe."

"Nimekusamehe, bibi," alisema Zamda. "Nimekusamehe kabisa."

Upande wa pili wa michongoma Mhando alivua kofia, akaitazama ndani yake kama vile kuna kitu amekipoteza humo. Mtu mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Na sisi tuliosema?"

"Ninyi mtalisukuma siku likizima!" Riziki akajibu kutoka kwenye usukani.

Watu wakacheka kwa aibu, wakatawanyika mmoja mmoja.

Jioni ile Bi Mwantumu alipika wali. Alipakua kwenye sinia moja, akaiweka mkekani, yeye upande huu na Zamda upande ule, mlango wa ua ukiwa wazi ili kila apitaye aone. Na baada ya magharibi alifungua mikono yake, akalitaja jina la mumewe, na dua ikaendelea mpaka mwisho.

Funzo: Jambo la mwenzako likikuchoma moyo, muulize angali hai. Nawe ukiwa na siri, hata ikiwa ya kheri, usimfiche yule mnayekula naye chakula kimoja, kwa sababu ukimya wako hauwezi kumweleza nia yako. Ukimaliza kusoma, mpelekee kisa hiki mtu ambaye bado hujamuuliza lililo moyoni mwako.

Ewe Mola wetu, mrehemu Maalim Shekue, na uwarehemu wetu wote waliotutangulia siku ambayo hatukuwa tayari. Wapanulie makaburi yao, uyatie nuru, uwasamehe waliyokosea na uwalipe mema waliyotenda bila sisi kujua. Na yale maneno tuliyochelewa kuwaambia, wafikishie Wewe. Amin.